Laird wa Uskoti kwa Kiswahili: lodi, bwana, mwinyi, kabaila, au uliache lilivyo?

Kama umewahi kutafsiri chochote cha Uskoti, riwaya, tamthilia, hata makala ya historia, basi hili neno laird, yaani mwenye ardhi wa Kiskoti, litakuwa limeshakukwamisha. Mimi lilinikwamisha nikiandika sabtaito za tamthilia moja. Mpangaji mzee anavua kofia anamsalimia mwenye ardhi "Laird", nikaweka "Lodi" nikaendelea na kazi, alafu kwenye sehemu ya tatu yule yule mtu anaonekana shambani kakunja mikono ya shati anavuna shayiri bega kwa bega na vibarua wake, na watazamaji wakaanza kuuliza, huyu ni lodi gani anayevuna mwenyewe? Walikuwa na haki kabisa. Hakuwa lodi. Toka siku hiyo nimekuwa nalifuatilia hili neno na nimegundua tuliokwama hapa ni wengi, kila mtu anachomeka lake, kwa hiyo nimeyakusanya maneno tunayoyatumia tuyapime moja moja.

Kwanza neno lenyewe limetoka wapi

Laird na lord ni ndugu wa tumbo moja. Zamani sana Waingereza walikuwa na neno hlaford, nalo lilitokana na hlafweard, hlaf ni mkate, weard ni mlinzi, yaani mlinzi wa mkate, yule ambaye chakula cha nyumba nzima kipo mikononi mwake. Na aliyekuwa anakula kwake aliitwa hlafæta, mla mkate, neno hili limo kwenye sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, mwanzoni mwa karne ya 7. Hata lady anatoka humo humo, hlæfdige, mkandaji wa mkate. Mimi hili linanigusa kweli, kumbe ubwana wote ule ulianzia jikoni, nani analisha na nani analishwa.

Sasa neno likafupika, na kusini na kaskazini wakaachana matamshi. Ndo maana Mwingereza anasema home, stone na bone wakati Mskoti anasema hame, stane na bane, o ya huku kule ni e. Kusini wakapata lord, Uskoti wakapata laird. Lakini Waskoti hawakulitupa lord, walibaki nalo kwa ajili ya Mungu na kwa watukufu wakubwa wa mfalme, na laird likawa la mwenye ardhi. Neno moja likazaa mawili na kila moja likapewa kazi yake. Ukilishika hilo, nusu ya tatizo la tafsiri imeisha.

Karne ya 15 na 16 aliyeitwa laird kwa kawaida alikuwa mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme lakini kwa heshima yuko chini ya malodi, alafu taratibu neno likateremka mpaka kwa yeyote mwenye milki. Likateremka mpaka tukapata bonnet laird, huyu ana kashamba kadogo, analima mwenyewe, na kichwani anavaa kofia ya sufu kama wakulima wenzake. Huyo ndo yule wangu wa shayiri. Ulaird haumpi mtu kiti kwenye Baraza la Malodi, lile la bunge la Uingereza, umefungamana na ardhi, na mara nyingi mtu anaitwa kwa jina la ardhi yenyewe. Mkuu wa ukoo wa Cameron ni Cameron wa Lochiel, na watu wanamwita "Lochiel" tu, basi, mtu na mahali pameshakuwa kitu kimoja. Hii ndo ladha ngumu kuihamisha kwenye lugha yetu.

Tunapima kwa nini

Maswali yangu ni manne. Ardhi: je neno linabeba umiliki wa ardhi au tunapata ukubwa tu? Cheo: je linampandisha mtu kwenye daraja ambalo hana? Sikio: msomaji wetu akilisikia anajisikiaje, anaheshimu, anachukia, au haoni kitu? Na mdomo: je mpangaji anaweza kumwita nalo uso kwa uso likakaa vizuri? Hili la mwisho watu wa vitabu wanalisahau, ila sisi wa sabtaito na maigizo ndo linatuua.

Kuliacha laird kama lilivyo

Kwa upande wa ardhi, neno lenyewe halimwambii kitu msomaji wetu mpaka umweleze, ila ukishamweleza mara moja linabeba mzigo wote, ardhi, heshima, jina la mahali, mpaka yule wa kofia ya sufu. Cheo hakuna kosa hata kidogo. Sikio linapata ugeni, na ugeni huo mimi naona ni faida, unamkumbusha msomaji kwamba hapa ni Uskoti, sio Unguja wala Naivasha. Na linakubali sarufi yetu bila ugomvi: malaird, ulaird, enzi za malaird.

Shida ipo mdomoni. Kule wanatamka karibu na "leerd" na r inasikika, msomaji wetu ataanza na la-i-, na wapo waliojaribu kulisawazisha wakaandika "ledi", hapo ndo umeharibu kabisa maana msomaji anaona mwanamke. Ukiamua kuliacha, liache na tahajia yake. Na kwenye sabtaito mtu ana sekunde mbili tatu za kusoma, huna pa kuweka maelezo.

Linamfaa anayeandika historia, tasnifu, au kitabu chenye nafasi ya maelezo chini ya ukurasa.

Lodi

Hili tumelizoea, lina Baraza lake la Malodi, na kwa asili wala hatujadanganya, ni ndugu yake laird. Mdomoni linakaa vizuri sana. Lakini ardhi halina, lodi kwa Kiswahili ni mtu wa cheo huko Uingereza, na kwenye cheo ndo linapokosea vibaya kwa sababu linafuta ule mstari ambao Waskoti wenyewe waliuchora.

Na mstari huo una uzito, tusiuchukulie poa. Chukua ile habari ya kufukuzwa watu kwenye nyanda za juu za Uskoti ili ardhi igeuzwe malisho ya kondoo. Mwaka 1814 kwenye bonde la Strathnaver nyumba za watu zilichomwa moto, msimamizi Patrick Sellar akashtakiwa huko Inverness mwaka 1816 na akaachiwa huru. Ardhi ile ilikuwa ya familia ya Sutherland, watu wa vyeo vya juu kabisa, hapo ukiandika lodi hujakosea. Lakini kisiwa cha Barra na South Uist vilinunuliwa na Kanali John Gordon wa Cluny, ambaye hakuwa lodi, alikuwa laird tajiri mwenye pesa na hati, na mwaka 1851 watu zaidi ya elfu moja wakapakiwa melini kutoka kwenye milki yake kupelekwa Kanada. Ukimwita lodi unamfanya msomaji adhani yale yalifanywa na watu wa ikulu tu, kumbe mwenye hati ya ardhi alitosha.

Kuna jambo jingine kwa wasomaji wa Kenya. Lodi kwao tayari ana sura, Lodi Delamere wa Bonde la Ufa, na yule alikuwa baroni kweli, yaani lodi wa cheo, familia yake ya Cheshire Uingereza, sio laird. Mwenye ulaird kwenye historia yetu ni William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown huko Uskoti, yule ambaye kampuni yake ya IBEA (Imperial British East Africa Company) ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 ikaja kutawala Kenya kabla serikali ya Uingereza haijachukua mwaka 1895. Huyu kwao Kintyre alikuwa na milki ya Balinakill, ana wapangaji wake. Mwaka 1889 akapewa ubaroneti, cheo cha kurithiwa cha kuitwa Sir, ambacho nacho hakimpi mtu kiti cha malodi. Nikiona kimeandikwa "Lodi Mackinnon" roho inaniuma, kwa sababu hapo tumepoteza nafasi ya kuona kwamba mtu ambaye kampuni yake ilikuja kututawala alitoka kwenye nchi ambako ardhi ya vijiji vizima ilikuwa ya mtu mmoja.

Lodi linafaa pale ambapo mhusika ni mtu wa cheo kweli, au hadithi ya watoto ambapo tofauti haibadilishi kitu.

Bwana

Bwana ukilitazama vizuri linafanya kazi ya lord zaidi kuliko ya laird. Mungu ni Bwana kwenye Biblia, bwana ni mume, bwana ni mtu yeyote njiani, "sikiliza bwana". Peke yake halina ardhi hata chembe. Ila liweke na "wa" na jina la mahali uone: Bwana wa Lochiel, Bwana wa Cluny. Ghafla limepata udongo, na limekaribia kabisa ule utaratibu wa Kiskoti wa kumuita mtu kwa ardhi yake. Cheo halimpandishi wala halimshushi, hata yule wa kofia ya sufu anaweza kuwa bwana kwa vibarua wake wawili. Mdomoni ndo bingwa, mpangaji anasema "Shikamoo bwana" na kila mtu kuanzia Lamu mpaka Lubumbashi ameelewa nani mkubwa.

Sikio ndo linategemea umri na historia ya msomaji. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi bwana wanalikumbuka na viboko vyake, na bwana wa zamani zaidi pwani alikuwa na mtwana upande wa pili. Kwa hadithi ya mpangaji anayeonewa hii inasaidia, kwa hadithi ya laird mpole anayependwa na watu wake inaweza kuleta kivuli usichokitaka.

Alafu nakuomba, usije ukaandika bwana shamba. Najua linavutia, bwana na shamba si ndo laird huyo? Hapana. Bwana shamba ni afisa kilimo, anakuja na buti na ushauri wa mbolea, na msomaji atakushangaa kwa nini wanakijiji wa Uskoti wanamwogopa.

Mwinyi

Hili nalipenda kuliko yote, nakiri mapema ili unisome kwa tahadhari. Mwinyi limetoka kwenye mwenye. Mwenye nini? Mwenye mji, mwenye ardhi, mwenye watu. Waingereza walianzia kwenye mkate, sisi tulianzia kwenye kumiliki, lakini wote tumefika kwenye mlango ule ule. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na jumba lake Dunga na watu wakimtambua hata wakati Masultani wa Oman wameshakaa mjini, na ukoo ule ulikoma utawala karne ya 19. Kwa hiyo kwenye swali la ardhi linajibu, kwenye cheo linajibu vizuri pia kwa sababu pwani palikuwa na mamwinyi wakubwa na wadogo, sio wote wa kasri, na mdomoni linaitika, "Mwinyi!" peke yake inatosha.

Matatizo yake ni mawili. La kwanza, linamhamisha msomaji. Ukiandika mwinyi wa Lochiel mtu wa Bagamoyo anaona kanzu, joho na baraza ya mawe, haoni mvua ya manyunyu na mbwa wa kuwinda. La pili ni sikio la bara. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma historia amekutana na umwinyi kwenye orodha ya mifumo ya kikabaila, pamoja na nyarubanja ya Buhaya na ubugabire wa Buha, na kwenye mazungumzo ya kawaida "acha umwinyi" maana yake acha kukaa tu ukitegemea kutumikiwa. Kwa hiyo neno lile lile Unguja lina heshima, Morogoro lina lawama. Na kwa kuwa ni jina la watu pia, wakiwemo marais, angalia herufi kubwa, mwinyi wa kawaida aandikwe kwa herufi ndogo.

Wakenya wana bwanyenye, bwana na mwenye wamekaa pamoja, ila huyo siku hizi ni tajiri wa aina yoyote, wa maghorofa na magari, ardhi imeshamtoka.

Mwinyi linafaa riwaya yenye nafsi, hasa kwa wasomaji wa pwani na visiwani, na hasa kama laird wako ni mkuu wa ukoo ambaye watu wake wanamuona kama mzee wao na sio mkusanya kodi tu.

Kabaila

Hapa ardhi ipo wazi kuliko neno lolote, kabaila ni mtu anayeishi kwa jasho la wanaolima ardhi yake. Cheo hakijalishi, awe lodi awe laird wote ni makabaila. Na kisheria pia tuna sababu nzuri, kwa sababu umiliki wa ardhi Uskoti ulikuwa wa kikabaila kwa maana halisi ya neno, wa chini anashika ardhi kutoka kwa wa juu yake mpaka unafika kwa mfalme, na mfumo huo haukufutwa zamani, umefutwa na sheria ya mwaka 2000 iliyoanza kufanya kazi tarehe 28 Novemba 2004. Juzi tu hapo.

Sikio ndo linaamua. Toka enzi za Azimio la Arusha mwaka 1967 kabaila na bepari wanatajwa pamoja kama wanyonyaji, ingawa zamani kabisa kabaila alikuwa mtu wa nasaba bora, mtu wa kuheshimiwa. Ukiandika kabaila leo umeshatoa hukumu kabla hadithi haijaanza. Mdomoni ndo halifai kabisa, hakuna mpangaji atakayevua kofia aseme "habari za asubuhi, kabaila", labda awe ameshika panga.

Lakini tusilidharau. Ukiwa unaandika habari za wakulima wadogo wa kisiwa cha Skye walivyopambana na polisi pale Braes mwaka 1882, au ile sheria ya mwaka 1886 iliyowapa wapangaji haki ya kutofukuzwa ovyo, au wakazi wa kisiwa cha Eigg walivyochanga na kusaidiwa mpaka Juni 1997 wakakinunua kisiwa chao wenyewe, basi kabaila ndo neno la upande wao. Hapo lawama ni sehemu ya maana.

Na "mmiliki wa ardhi"?

Ni sahihi, ni kavu, halimkosei mtu. Kwenye habari za magazeti na mikataba litumie bila wasiwasi. Ila Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, mtu anamiliki haki ya kuitumia tu, kwa hiyo msomaji wa huko hapati picha ya mtu mmoja kuwa na kisiwa kizima mpaka umchoree. Msomaji wa Kampala anayejua mwenye mailo, anayemiliki ardhi yenyewe, na mtu wa kibanja, anayekaa na kulima juu ya ardhi ya mwenzake, ataelewa haraka zaidi.

Sasa uchague lipi

Kama ni sabtaito au tamthilia ya redio, mimi ningeanza na bwana wakati wa kuitana na "Bwana wa" na jina la mahali wakati wa kumtaja. Inasomeka haraka na haidanganyi. Lodi libaki kwa malodi wenyewe, maana mara nyingi wote wawili wanakutana kwenye meza moja na hapo ndo utajuta kama ulishalitumia kwa laird.

Kama ni riwaya na una kurasa za kutosha, jiulize nani anaongea. Mpangaji anayempenda, mwinyi. Mpangaji aliyevunjiwa nyumba, kabaila, lakini akiwa jikoni kwake na sio mbele ya mwenyewe. Mwenye ardhi akijitambulisha kwa wenzake, laird. Hakuna sheria inayosema neno moja la Kiskoti lazima lipate neno moja tu la Kiswahili kitabu kizima, ila ukichanganya hakikisha msomaji anajua ni mtu yule yule, kwa hiyo lile jina la mahali, Lochiel au Cluny au lolote, liwepo kila mara.

Kama ni historia au kazi ya chuo, laird na maelezo mara ya kwanza, alafu endelea nalo. Usisahau na wale wanaozungumza Kigaeli, lugha ya jadi ya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, wao mwenye ardhi wanamwita uachdaran, aliye juu, na kama chanzo chako ni wimbo au barua ya Kigaeli usimrudishie laird kinywani mtu ambaye hakulitumia.

Bonnet laird popote pale, mimi nasema "mwenye shamba", nukta. Ana jasho lake, umwinyi tusimbebeshe.

Na mwisho kuna hawa wanaouziwa onlaini kipande cha futi moja ya mraba huko Uskoti pamoja na cheti cha kuwa laird, kuna mtu alishaniletea nimtafsirie. Kipande kidogo namna hiyo, cha kununuliwa kwa mapenzi tu, sheria ya usajili ya Uskoti haikiruhusu kusajiliwa kwenye rejista ya ardhi, na ofisi ya Lord Lyon inayosimamia nembo za heshima za Uskoti haikitambui kama sababu ya mtu kuitwa laird. Cheti kama hicho mwachie neno laird kwenye alama za kunukuu, na umwambie mteja hayo mawili kabla hujapokea pesa yake.